Chumvi Iliyoishika Doksorubisini
Doksorubisini huua seli za saratani kwelikweli, ila haichagui. Ni dawa nyekundu. Mgonjwa akishatundikiwa dripu, hata mkojo wake hugeuka rangi. Ikilimbikizana mwilini huudhoofisha moyo, kwa hiyo daktari hujumlisha dozi zote alizowahi kupewa mgonjwa. Zikikaribia miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili husitisha, hata kama uvimbe ungali unasinyaa.

Wazo la kuifungia dawa hii ndani ya liposomu, yaani vifuko vya mafuta vinavyojiunda vyenyewe majini, halikuwa geni. Alec Bangham alikwisha kuvieleza vifuko hivyo Uingereza katika miaka ya 1960. Shida ilikuwa kuifanya dawa itulie humo. Katikati ya miaka ya 1980, Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon walifanya jaribio la kwanza kwa wagonjwa huko Jerusalem, likagonga mwamba: vifuko vilikuwa vikubwa mno, dawa ilikuwa imeng'ang'ania ukutani badala ya kukaa ndani, ikavuja kwenye damu, na vifuko vyenyewe vikaishia kwenye ini.

Katika toleo lililofuata, Doxil, vifuko vilipunguzwa hadi chini ya nanomita 100. Ukuta ulijengwa kwa mafuta magumu yasiyolegea kwa joto la mwili, yakachanganywa na kolesteroli, kisha kwa nje ukavishwa nyuzi za polietilini glikoli ili seli walinzi za ini na bandama zisivinyakue upesi.

Lakini ufundi wenyewe hasa umo ndani. Kifuko hujazwa kwanza amonia salfeti (naam, chumvi ileile ambayo wakulima wetu huinunua kama mbolea ya SA), halafu ile iliyobaki nje huondolewa. Amonia hupenya ukuta ikatoka, ikaacha nyuma ayoni za hidrojeni. Doksorubisini inayotiwa nje hupenya ikiwa haina chaji. Ikifika ndani hudaka hidrojeni, ikapata chaji, na hapo imekwisha kama samaki aliyeingia demani. Salfeti nayo huishika na kuigandisha kuwa fuwele. Kwa hadubini ya elektroni unauona ufito mmoja umelala katikati ya kifuko, wenye molekuli zaidi ya 10,000. Dawa karibu yote huingia, tena yenyewe, na huzunguka kwenye damu kwa siku kadhaa. Marekani iliidhinisha Doxil mwaka 1995 kwa saratani ya Kaposi ya wagonjwa wa UKIMWI, ikawa dawa ya kwanza ya nano kuidhinishwa huko.

Sasa hilo neno "inalenga" linalopenda kuandamana na dawa za nano. Doxil hailengi chochote. Inategemea tu kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huwa na mianya, jambo walilolieleza Matsumura na Maeda mwaka 1986. Mapitio ya tafiti za miaka kumi, yaliyochapishwa 2016, yalikuta kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya chembe za nano zilizodungwa ndiyo hufika kwenye uvimbe, na hapo tunazungumzia wanyama wa maabara. Faida kubwa, kwa maoni yangu, iko kwingine: mishipa ya moyo haina mianya hiyo. Katika saratani ya matiti iliyosambaa, Doxil ilifanya kazi sawa na doksorubisini ya kawaida huku madhara kwa moyo yakipungua sana. Madhara mengine yalihamia kwenye viganja na nyayo, ambazo huwaka, huvimba na kubambuka. Wagonjwa huambiwa waepuke maji ya moto na viatu vya kubana.

Shirika la Afya Duniani liliiingiza doksorubisini hii ya liposomu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2023, kwa ajili ya Kaposi, ugonjwa ambao Uganda iliujua hata kabla ya UKIMWI. Kuinakili si kazi ya kiwanda chochote tu. Mwenye nakala hatakiwi kuthibitisha kiasi cha dawa peke yake, bali pia ukubwa wa vifuko, hali ya fuwele na kasi ya kuvuja. Marekani yenyewe iliidhinisha nakala ya kwanza mwaka 2013.