Bwana Kitini na Nasaba ya Wafalme wa Pate

Katika tarikhi za miji ya pwani, hapana iliyotumiwa sana na kulaumiwa sana kama Habari za Pate. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu wameichambua, wakitwaa humo tarehe iwafaayo na kuitupa isiyowafaa. Na kila mara lawama imemwangukia mtu mmoja, Muhammad bin Fumo Omar an-Nabahani, ajulikanaye zaidi kwa jina la Bwana Kitini. Nuskha nyingi za tarikhi hiyo chimbuko lake ni kinywa chake, au kalamu ya mtu aliyemsikiliza. Yeye naye aliipokea kwa babu yake, Muhammad bin Bwana Mkuu, aitwaye Bwana Simba, aliyesifiwa kuwa mjuzi mkubwa wa mambo ya kale. Lawama hizo zina haki yake, ila zimepelekwa kwa mtu ambaye hakuwako. Wataalamu wamemshtaki mwanahistoria, na aliyekuwa mbele yao ni mjuzi wa nasaba.

Ujuzi wa nasaba ni kazi ya zamani katika nchi za Kiislamu, nayo ilikuwa na mabingwa wake. Hisham ibn al-Kalbi, aliyekufa mwanzoni mwa karne ya 9, alikusanya nasaba za makabila ya Waarabu katika kitabu walichokitegemea waliomfuata. Na Ibn Hazm wa Andalusi akatunga chake katika karne ya 11. Mabingwa hao hawakuulizwa maswali ya kupitisha wakati. Waliulizwa nani ana haki ya kurithi, nani ni kufu ya nani katika ndoa, nani astahiliye fungu na nani astahiliye heshima. Ibn Khaldun, katika Mukadima yake aliyoiandika mwaka 1377, aliipima elimu hiyo bila ya huruma: aliiona nasaba kuwa jambo la kudhaniwa, lisiloshikika kwa mkono, ambalo manufaa yake yote ni ule mfungamano uwafanyao watu wasimame pamoja. Msomaji akiingia katika Habari za Pate na fikira hiyo, mengi yaliyowakera wataalamu hayatamshangaza.

Yafaa kwanza kutazama hali ya huyo msimulizi mwenyewe. Nasaba ya wafalme husimuliwa kwa kawaida na mtu aliyeketi karibu na kiti cha mfalme. Bwana Kitini alisimulia wakati kiti kimekwisha ondoka. Pate ilivunjika nguvu ufukoni Shela, yapata mwaka 1812 au 1813, ilipopigwa na watu wa Lamu. Tangu hapo Busaidi wa Oman na Unguja wakaikaba hatua kwa hatua, hata katika miaka ya 1860 Sultani Ahmad, naye aliitwa Simba, akahamia bara na kukaa Witu. Mwaka 1885 Wajerumani wakaiweka Witu chini ya himaya yao. Septemba 1890 Wajerumani kadhaa waliuawa huko, na mwezi uliofuata askari wa manowari za Kiingereza, chini ya Admirali Fremantle, wakaushambulia mji na kuuchoma moto. Inasemekana kwamba kitabu cha asili cha wafalme wa Pate kiliteketea humo.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Kitabu kilipokuwapo, mjuzi wa nasaba alikuwa mlinzi wa kitabu. Kilipoungua, akawa ndiye kitabu. Wageni wakaanza kumwendea. Stigand, ofisa wa Kiingereza, alichapa mwaka 1913 tafsiri ndefu ya masimulizi yake katika kitabu juu ya nchi ya Zinj. Bibi Alice Werner akachapa nuskha nyingine mwaka 1914 na 1915, mara hii pamoja na maneno ya Kiswahili. Mjerumani Heepe akatoa yake mwaka 1928. Nuskha nyingine zikahifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1993 Marina Tolmacheva akazikusanya na kuzichapa katika kitabu kimoja.

Nuskha hizo hazipatani. Zahitilafiana katika orodha ya masultani, katika miaka ya kutawala kwao, na zaidi katika visa vilivyoingizwa kati ya jina na jina. Ile ya Stigand ina visa tele. Nyingine zimekauka, fulani akafa, akatawala mwanawe fulani, basi. Tabia ya mtaalamu wa maandiko ni kuuliza ipi katika hizo iliyo sahihi, na kuzihesabu zilizobaki kuwa nakala zilizoharibika. Swali hilo lafaa kwa kitabu kilichonakiliwa na makatibu kutoka asili moja. Halifai kwa mtu mzima aliyeulizwa mara kadhaa, na watu mbalimbali, kila mmoja akitaka jambo lake. Mjuzi wa nasaba hasomi kutoka karatasi iliyo kichwani mwake. Ana minyororo ya majina anayoishika kwa nguvu, na ana visa anavyovitundika juu ya majina hayo kwa kadiri ya msikilizaji na haja ya siku ile. Kwa hiyo kisa kikihama kutoka kwa sultani mmoja hadi kwa mwingine, si lazima pawe na kosa la kumbukumbu; yamkini pana hukumu ya msimulizi kwamba hapo ndipo kinapofaa zaidi.

Mfano ulio wazi ni habari ya Sultani Omar. Tarikhi yadai kwamba katika karne ya 14 Omar alizishinda nchi zote za pwani, akazitia chini ya Pate hata kufika Kilwa na Kerimba. Madai hayo hayana msaada nje ya tarikhi yenyewe. Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Kilwa alimkuta sultani mwenye enzi yake mwenyewe, na Pate hakuitaja kabisa. Mpaka hapa wataalamu wana haki. Lakini wengi wameifunga hukumu bila ya kuitazama ibara ndogo iliyomo katika nuskha ya Stigand: kwamba Omar alizipata nchi zote isipokuwa Unguja, kwa sababu zama hizo Unguja haikuwa nchi yenye sifa.

Msemaji wa maneno hayo ni Mnabahani, ambaye ufalme wa wazee wake umemezwa na masultani wa Unguja. Aliyemsikiliza ni ofisa wa dola iliyoichoma Witu na kuiweka Unguja chini ya himaya yake mwaka ule ule wa 1890. Hakuna tusi ndani yake. Hakuna hata neno kali. Asema tu kwamba babu zake waliipita Unguja kwa kuwa haikustahili safari. Kama habari ya karne ya 14 ibara hiyo haina thamani hata ya pesa moja. Kama habari ya namna watu walioshindwa walivyoihifadhi hadhi yao mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ni vigumu kupata katika maandiko yote ya pwani mstari ulio bora kuliko huo. Na mjuzi asiye hodari asingaliweza kuutamka kwa upole wa namna hiyo.

Mwanzo wa nasaba hiyo una mambo yake pia. Mnabahani wa kwanza, Sulaiman bin Sulaiman, asemwa kuwa alitoka Oman na kufika Pate mwaka 600 wa Hijra, yaani 1203 au 1204. Mwaka wa mviringo kama huo una harufu ya kuchaguliwa. Wanabahani walikuwa kweli watawala katika Oman ya ndani, tangu karne ya 12 hadi walipofuatwa na Wayaarubi mwaka 1624, kwa hiyo jina halikubuniwa. Lakini jina kuwa la kweli na safari kuwa ya kweli ni mambo mawili. Neville Chittick, katika makala yake ya mwaka 1969, alishikilia kwamba Wanabahani hawangeweza kufika mapema hivyo, na kwamba Pate yenyewe haikuwa mji mkubwa katika karne hizo za kwanza. Katika la Wanabahani hoja zake zina nguvu. Katika la mji alikwenda mbio mno: uchimbaji wa baadaye umeonyesha kwamba watu walikaa mahali pale tangu zamani kuliko alivyodhani. Tena mabaharia wa Vasco da Gama walipokuwa wakirudi, Januari 1499, walijiwa baharini na mashua zenye watu wenye silaha kutoka Pate, jambo lisilotazamiwa kwa kijiji cha wavuvi wachache.

Kosa la Chittick ni la kawaida kwa wasomao nasaba kama kalenda. Wakikuta kwamba mwaka ni wa uongo, huudhani uongo huo kuwa umeenea mpaka katika mji, katika ukoo na katika ndoa.

Na ndoa hiyo ndiyo shina la yote. Sulaiman hakuutwaa mji kwa upanga. Alimwoa binti wa mfalme wa Wabatawi, waliokuwa wenyeji wa mahali hapo, na zilipokwisha siku saba za harusi baba mkwe akamkabidhi ufalme. Kwa hiyo haki ya Wanabahani, kwa maneno ya mjuzi wao mwenyewe, ilipitia kwa mke. Tangu hapo mnyororo wafuata wanaume, mwana na baba, ndugu na ndugu, kana kwamba mlango ule wa kwanza umefungwa na ufunguo kutupwa baharini. Nasaba za namna hii zina tabia ya kulikiri deni mara moja tu, ukurasa wa kwanza, na kutolitaja tena.

Jambo hili limepata msaada kutoka mahali pasipotarajiwa. Machi 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi zilizotolewa katika mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani, ukiwamo Faza ulio katika kisiwa cha Pate. Waliona kwamba katika miji hiyo wazee wa kike walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika, na wazee wa kiume wengi wao walitoka Asia, kwanza wenye asili ya Uajemi, na baadaye Waarabu kwa wingi zaidi. Na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Wako waliopiga makofi, wakisema kwamba tarikhi za pwani zimethibitishwa. Shangwe hiyo yahitaji kiasi. Mifupa haina majina. Haimjui Sulaiman wala Omar, wala haiwezi kusema nani alimkabidhi nani ufalme. Kilichothibitika ni umbo la kisa, mgeni na binti wa mwenyeji, na umbo hilo lilikuwa limehifadhiwa na wajuzi wa nasaba vizuri kuliko walivyohifadhi tarehe yoyote. Tena tarehe ya mifupa ni ya mapema kuliko ile ya Bwana Kitini kwa miaka mia mbili, na Waajemi wake si Wanabahani. Nasaba moja yaelekea kuwa imevishwa mwili wa nasaba nyingine iliyo kongwe zaidi.

Yabaki kusema neno juu ya wahariri. Stigand aliacha Kiingereza kitupu, hata mtu hawezi kujua ni neno gani la Kiswahili lililotamkwa pale Unguja ilipopewa hukumu yake. Hasara hiyo haina fidia. Werner alikuwa mwangalifu zaidi wa lugha. Tolmacheva alifanya lililo bora kuliko yote alipokataa kuzisaga nuskha ziwe moja, akaziacha zisimame kila moja na sura yake. Wanafunzi wakitumao kitabu chake kwa kutafuta mwaka wa sultani fulani wamekishika kinyume.

Wangefanya vyema kuanza na Mwana Khadija, aliyeitawala Pate katika karne ya 18, enzi iliyojaa fitina na mapigano ya watu waliotaka kiti hicho. Hapo mlango uliofungwa tangu siku ya harusi ya Sulaiman wafunguka kwa nguvu, na mjuzi wa nasaba hana budi kumweka mwanamke katika mnyororo wa wanaume. Atatumia maneno mangapi, atamtaja kwa baba yupi, mpinzani wake ataitwa sultani au ataitwa mtu tu: majibu ya maswali hayo yatafutwe nuskha kwa nuskha, neno kwa neno, na kazi hiyo yaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote mwenye kitabu hicho na majuma machache ya subira.