Difu haipeleki nguvu kwenye tairi linaloteleza

Sentensi hii utaisikia kwa mafundi, kwa walimu wa udereva na kwenye video fupi za mtandaoni: "Difu hupeleka nguvu kwenye tairi linaloteleza." Inaingia akilini haraka, maana ukikwama ndicho unachokiona: tairi moja linarusha tope, lingine limetulia kama halihusiki. Ubaya wake ni kwamba inaeleza macho yanachoona, haielezi difu inachofanya. Na ukiiamini utapoteza muda mwingi kwenye tope.

Kazi ya difu ni kuruhusu matairi mawili ya ekseli moja yazunguke kwa kasi tofauti, kwa sababu kwenye kona tairi la nje lina njia ndefu zaidi. Lakini kani ya kuzungusha inayotoka kwenye propela, difu ya kawaida huigawa nusu kwa nusu, hata kwenye utelezi. Chukua mti mrefu, ushike katikati, uwasukume nao watu wawili, kila mmoja kwenye ncha yake. Mmoja akirudi nyuma bila ubishi, mwenzake huwezi kumsukuma kwa nguvu hata ungetaka.

Tuweke namba za kubuni. Tairi lililo kwenye tope linahimili 100 tu kabla ya kuteleza. Basi na la pili linapata 100, hata kama limekaa juu ya mwamba mkavu. Gari linahitaji 600 kutoka. Wewe una 200. Ukikanyaga mafuta zaidi unaongeza kasi ya kuchimba shimo. (Kwa hesabu ya nishati sentensi ile ina ukweli kidogo: tairi linalozunguka ndilo linalokula dizeli yako.)

Sasa uje ule ushauri wa kuvuta hendibreki huku unakanyaga mafuta. Tuseme breki inabana kwa 200 kila upande. Tairi linaloteleza sasa linapokea 300, na la pili 300. Safi! Ila la pili nalo limebanwa, breki yake inakula 200, inabaki 100. Tumerudi palepale. Msuguano wa ndani ya difu unaweza kukupa nyongeza ndogo, basi. Kubana breki na mafuta pamoja kuna maana kwenye Humvee za jeshi la Marekani, kwa kuwa difu zake ni za Torsen, ambazo hulipa tairi lenye mshiko mara kadhaa ya linaloteleza.

Kinachofaa kwa difu ya kawaida ni kubana tairi moja tu. Ndiyo maana trekta nyingi zina pedali mbili za breki, kushoto na kulia, na ndivyo kompyuta za magari mapya zinavyofanya. Difu loki huenda mbali zaidi: inafunga shafti mbili pamoja, mgawo wa nusu kwa nusu unakufa. Bila loki, hata Land Cruiser mkonga iliyoingizwa fowili inakwama tairi moja la mbele na moja la nyuma yakiteleza. Fowili imeunganisha propela mbili, haijagusa kushoto na kulia.

Masika iliyopita tulizama kwenye udongo wa mbuga tukiwa fildi. Mwenzetu mmoja, msomi wa video, akamwambia dereva avute hendibreki. Gari lenyewe hendibreki yake inabana propela, kama Land Rover 110, yaani breki iko kabla ya difu. Tulikuwa tunapigana na injini yetu wenyewe. Nusu saa nzima! Mimi nikaanza kupanga mawe chini ya tairi lililotulia, nikiona ndilo la kutegemewa. Mzee akazima gari. "Wanangu, hilo halina shida. Lisaidieni linalozunguka."

Tukahamisha mawe. Kila kani lililoipata tairi lile, mwenzake alipata kiasi kilekile bure. Jaribio la tatu tukatoka.