Nani Aliwaambia Wachomoe Kipimajoto?

Nyote mliona. Povu limefika ukingoni, ukumbi unapiga makofi, na kiongozi wa timu akachomoa kipimajoto kikombeni, akakiinua waamuzi wakione, ndipo akasoma. Hapo ndipo onyesho la kupima joto la mmenyuko wa siki na bikaboneti lilipokufa, na medali waliyovishwa haibadilishi kitu.

Tuanze na chombo chenyewe. Kipimajoto cha zebaki cha hospitali kina mbano ndani ya mrija. Ukikitoa kwapani, zebaki hubaki ilipofika. Cha maabara hakina. Husema joto la mahali kilipo sasa hivi, na wakati ule kilikuwa hewani, chini ya feni. Hewa ya ukumbi, yenye joto kuliko mchanganyiko, ilikuwa inakipandisha. Papo hapo siki iliyolowesha balbu ilikuwa inavukizwa, na mvukizo hula joto, kwa hiyo siki ilikuwa inakishusha. Ipi ilishinda? Hakuna ajuaye. Kosa la upande mmoja husahihishika. Hili la pande mbili halina dawa.

Wanaoitetea timu wanasema povu lilificha mistari ya kipimajoto. Si wangesubiri! Povu lile hutulia upesi. Acha balbu ndani, soma kila sekunde 15, chora grafu, kisha rudisha mstari nyuma hadi wakati wa kuchanganya. Kwa gramu 100 za siki, digrii 1 ya Selsiasi ni takribani jouli 420, na mmenyuko huu hushusha joto kwa digrii chache tu. Ukikosea digrii moja, umepoteza sehemu kubwa ya jibu lenyewe.

Mengine waliyapatia: kikombe cha stairofomu, siki iliyoachwa ilingane na joto la ukumbi, na gramu 7 za bikaboneti, kipimo kinachomaliza mililita 100 za siki ya asilimia 5. Mfuniko wenye tundu haukuwepo, kama kawaida. Nimeuimba hadi koo limenikauka.

Subira ya kupima si jambo geni. Mwanafizikia James Joule wa Salford, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, alidai katika miaka ya 1840 kwamba anaweza kusoma hadi sehemu 1 kati ya 200 ya digrii ya Farenhaiti. Wengi walimtilia shaka. Lakini vipimajoto vyake alitengenezewa na Dancer wa Manchester, fundi wa kweli, na Joule alikuwa na subira ya kuviheshimu. Kabla yake, majira ya baridi ya 1782 na 1783, wanasayansi Lavoisier na Laplace walipima joto kwa kupima uzito wa maji ya barafu iliyoyeyuka. Hao hawakuwa na haja ya makofi.

Nanyi waamuzi, nimewaambia mara nyingi: povu halina alama. Daini jedwali la vipimo kabla ya kutoa medali, na timu isiyo nalo irudi ikapime upya.