Kuusoma Ufuko wa Rukwa Kabla ya Kulowa

Mtu aliyezoea kuogelea kwa miwani na mrija kule Mnemba au Mafia hupanga siku yake kwa kufuata maji kujaa na kupwa, kisha hutafuta matumbawe. Akiteremka kutoka Sumbawanga, mkoani Rukwa, kwenda Kasanga au Kipili, ujuzi huo haumfai. Ziwa Tanganyika halina kupwa wala tumbawe. Lina mawe, na karibu kila kinachovutia karibu na ufuko kinakaa kwenye mawe hayo. Mawe ya chini ya maji hujitangaza mapema nchi kavu, kwa hiyo mahali pazuri unaweza kupachagua ungali umesimama ufukweni na nguo zako.

Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko kama mita 770. Mteremko huo wa kilomita nzima ni ukingo wa Bonde la Ufa, nao haukomi unapogusa maji. Ziwa lenyewe lina kina cha hadi mita 1,470. Pale mlima unapoangukia ziwani moja kwa moja, maporomoko ya mawe huendelea chini vilevile yalivyoanza juu. Ila si kila jiwe linafaa. Jabali moja laini lililosimama kama ukuta halina pa kujificha. Tafuta mawe yaliyorundikana, ya ukubwa wa ndoo hadi ukubwa wa gari, yenye nafasi katikati. Kama yako hivyo mita chache juu ya mstari wa maji, ingia.

Wavuvi nao wanajua, ukiwauliza swali linalostahili. Ukiuliza wapi ni pazuri kuogelea, utaelekezwa kwenye mchanga. Uliza nyavu hukwama na kuchanika wapi. Halafu uliza mamba huonekana wapi, na jibu hilo ulifuate bila ubishi.

Kuna ramani nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za sikilidi, ndugu wa sato na perege, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Wamo wa jenasi ya Tropheus, wanaokula mwani uliogandamana na mawe. Samaki hawa hawathubutu kuvuka mchanga mpana wala maji ya kina kirefu, kwa hiyo kundi la kila kipande cha mawe limejitenga na majirani zake muda mrefu hata likapata rangi zake. Biashara ya samaki wa mapambo, ambayo Pierre Brichard aliikuza kutoka Burundi kuanzia miaka ya 1970, ikazoea kuwaita samaki kwa jina la mahali walipovuliwa. Ndiyo maana mfugaji wa Ulaya anaweza kumtambua Tropheus wa Kasanga ilhali hajawahi kusikia habari za Sumbawanga. Kwa msomaji wetu, faida iko upande wa pili: kila jina la kijiji au kisiwa katika orodha za biashara hiyo ni ushahidi kwamba pale pana mawe mazuri karibu na ufuko. Kipili imo. Kisiwa cha Nkondwe kimo.

Visiwa vya Kipili navipa nafasi ya kwanza. Havina mito mikubwa ya kuvimwagia tope, na upepo wa kusini-mashariki, unaotawala kati ya Mei na Septemba, unapochafua upande mmoja, wewe unazunguka kisiwa na kuingilia upande wa pili. Kasanga, iliyo kusini zaidi, haina nafuu hiyo. Katika miezi hiyo upepo husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na huko kusini maji baridi ya chini hupanda kushika nafasi yake.

Kaa mbali na midomo ya mito, hasa masika. Mto Kalambo, baada ya kuanguka zaidi ya mita 200 kwenye mpaka na Zambia, huingia ziwani pamoja na udongo wake. Andrew Cohen na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba aina za viumbe hupungua pale udongo unapomwagika: tope hufunika mwani na kuziba nafasi kati ya mawe. Hili linanigusa sana, kwa kuwa udongo huo unatoka kwenye mashamba ya juu. Ule unaobaki ndani ya intumba, matuta ya Wafipa yanayofukia nyasi zioze, ni udongo ambao haukuziba pango la samaki.

Epuka pia maji yaliyotulia penye majani na matete, ambako konokono wa kichocho hustawi. Mawe hupunguza hatari hiyo, hayaiondoi, kwa hiyo kapime wiki kadhaa baada ya safari.

Na mawe yakiisha, usigeuke haraka. Tazama mchanga ulio kando yake kama una magamba matupu ya konokono yaliyokusanywa mahali pamoja. Dume la Lamprologus callipterus huyabeba mdomoni na kuyarundika, na majike huingia humo kutaga. Dume huweza kuwa na uzito zaidi ya mara 12 ya jike, kwa sababu yeye lazima aweze kulibeba gamba, na jike lazima aenee ndani yake. Elea juu yao bila kupiga miguu, maana mchanga ukitimka hutaona kitu.