Fundi Anayeisikiliza Injini

Injini ya lita 3.8 yenye silinda 6 ambayo General Motors iliiunda Flint, Michigan, ilikuwa na toleo lililotoka kiwandani na supachaja ya Eaton M90 juu yake. Ndilo lililofungwa kwenye Pontiac Grand Prix GTP, na wapenzi wa gari hilo wakitaka nguvu zaidi huanzia kwenye puli: hutolewa ya inchi 3.8, ikafungwa ya inchi 3.4. Ukizishika mkononi tofauti huioni vizuri, lakini hiyo ndogo huizungusha supachaja kasi zaidi kwa karibu asilimia 12. Hewa inayoingia huongezeka, hubanwa zaidi, na kadiri inavyobanwa ndivyo inavyopata joto. Kufunga puli ni kazi ya mchana mmoja. Kuifanya injini iivumilie ni kazi ya fundi mwingine, na huyo ndiye niliyekwenda kumtazama.

Anachopambana nacho ni kugonga. Plagi ikitoa cheche, moto unatakiwa usambae kwa mpangilio kutoka kwenye plagi hadi ukuta wa silinda. Joto na mgandamizo vikizidi, mchanganyiko uliobaki pembeni hulipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Mlipuko huo huvuruga tabaka jembamba la gesi linaloikinga pistoni, na injini ikiachwa hivyo chini ya mzigo, ringi huvunjika na pistoni hutoboka.

Kompyuta yake bado imefungwa. Anaanza na plagi. Tatu za mbele zinatoka upesi. Tatu za nyuma zimeelekea ukuta wa kabini, mkono unapenya mahali ambapo jicho halifiki, na spana inazunguka robo kwa robo. Anazipanga juu ya kitambaa kwa kufuata silinda, kisha anaziangalia moja moja kwa lenzi. Anatafuta vitone vinavyong'aa kwenye kauri nyeupe, maana hivyo ni aluminiamu ya pistoni iliyoanza kuliwa. Hakuna. Anaweka plagi za baridi zaidi, zile zinazopoza ncha zake haraka, na kupunguza mwanya kutoka milimita 1.5 hadi 1.3 ili mgandamizo mpya usiizime cheche. Themostati nayo anaibadilisha, anaweka inayofunguka kwenye nyuzi 82 badala ya 91.

Kisha anatoa kifaa alichojitengenezea: bomba la shaba lililopondwa ncha moja na kutobolewa tundu la bolti. Ncha hiyo anaifunga kwenye bloku, nyingine anaiunganisha na mpira mrefu unaoishia kwenye vikinga masikio. Anajifunga injini masikioni kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa kifuani. Gari lina sensa zake mbili za kugonga, moja kila upande wa bloku, lakini sensa haichagui: kila mtetemo unaofanana na kugonga huuripoti, na kompyuta ya gari huichelewesha cheche.

Ndivyo ilivyotokea. Gari likiwa juu ya rola za mashine ya kupimia nguvu, skrini ilionyesha cheche imecheleweshwa digrii 4. Mwingine angepunguza taimingi papo hapo. Yeye alikunja uso, akavuta vikinga masikio vikae sawasawa, akarudia. Petroli ya kawaida ikatolewa, ikatiwa ya mashindano yenye okteni 100. Zile digrii 4 hazikusogea. Kugonga kwa kweli kungepungua mafuta yalipokuwa bora, kwa hiyo akaingia chini ya gari na tochi, na baada ya kutafuta sana akakuta bomba la egzosi linagusa fremu injini inapojivuta. Alilegeza, akalisogeza, akakaza. Skrini ikarudi sifuri. Kwangu hapo ndipo ulipokuwa ufundi wenyewe: hakuinyima injini nguvu kwa kosa lisilo lake.

Sasa, kwa petroli ya okteni 93 atakayoitumia mwenye gari, akaanza kupanga. Kwanza mafuta: mzigo ukiwa mkubwa, mchanganyiko akauweka karibu sehemu 11.5 za hewa kwa moja ya petroli, kwa sababu petroli ya ziada inapogeuka mvuke hubeba joto. Baada ya hapo taimingi, digrii moja moja. Anakanyaga mafuta gia ya tatu, anasikiliza, anaachia, anasoma. Halafu anangoja. Feni inapuliza, joto la hewa ya kuingilia linashuka taratibu, na hagusi kitu hadi lifike pale lilipoanzia, kwa maana vipimo vya joto tofauti havilinganishwi.

Kwenye digrii 18 injini ilikuwa safi. Kwenye 19 alinyanyua kidole kabla skrini haijaandika chochote, alikuwa ameshasikia. Akarudi 18, akapiga mizunguko mitatu mfululizo bila kuipumzisha, hewa ya kuingilia ikiwa ya moto kabisa, na mzunguko wa tatu ukatoa mlio mmoja hafifu. Akaandika 16. Mwenye gari akauliza kuhusu zile digrii mbili. Fundi akamjibu kwamba ni za mwezi wa saba, kwenye foleni, na tangi lenye petroli mbovu. Kisha akamtaka arudishe gari plagi zikishatembea kidogo, ili yeye fundi azitoe tena azikague kwa lenzi.