Hanang kutoka angani: saa, mizani na upepo

Katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, familia inayotaka kuitazama volkano kutoka angani huamka gizani. Helikopta za kwanza huruka alfajiri, maana ikikaribia adhuhuri mawingu huwa yamekwisha kupanda na kuyajaza mabonde ya Mafate, Salazie na Cilaos. Kabla ya kupanda, kila mmoja husimama juu ya mizani, baba, mama na watoto, na uzito huo ndio unaoamua nani akae wapi. Marubani wa kule wana mazoezi ya kutosha: Mafate haina barabara, na mizigo ya wakazi wake hufikishwa kwa helikopta au kwa miguu. Ukiichunguza kazi yao utaona kwamba mashine ni sehemu ndogo tu ya ustadi. Sehemu kubwa ni saa, mizani na upepo.

Naileta habari hiyo hapa kwetu, mkoani Manyara, Tanzania, kwa sababu mlima wa kulinganisha tunao. Hanang ni volkano iliyolala, yenye kimo cha takriban mita 3,420, mrefu kuliko Piton des Neiges, kilele cha juu kabisa cha Réunion, chenye mita 3,070. Umesimama peke yake kama kisiwa katikati ya mashamba ya ngano, na jirani yake ni Ziwa Balangida lenye chumvi, ukuta wa Bonde la Ufa, na maziwa ya kreta ya Bassotu. Ndege za huduma si ngeni kwetu. Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ina uwanja wake. Lakini kuizunguka Hanang na familia ndani ya helikopta ni hesabu nyingine, na inafaa ifanywe hadharani.

Tuchukue helikopta ya H125, ambayo wengi bado huiita AS350. Tarehe 14 Mei 2005 rubani Mfaransa Didier Delsalle aliitua mashine ya ukoo huo juu ya kilele cha Everest, mita 8,848. Atakayeuliza Hanang ina ugumu gani baada ya hapo, akumbuke kwamba Delsalle alikuwa peke yake na mashine ilikuwa imepunguzwa uzito makusudi. Familia haisafiri hivyo.

Uzito wa juu unaoruhusiwa kuruka nao, bila mzigo wa kuning'inia, tuuhesabu kuwa kilo 2,250. Mashine tupu hukaribia kilo 1,250. Rubani tumpe kilo 85, na familia ya watu watano, kwa wastani wa kilo 75, ni kilo 375. Kutoka Arusha hadi Katesh, mji ulio chini ya Hanang, kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 190, yaani dakika 50 na ushee. Kwenda, kurudi na nusu saa ya kuuzunguka mlima ni zaidi ya saa mbili. Injini hunywa lita 180 hivi kwa saa, na lazima ibaki akiba ya nusu saa. Hiyo ni kama lita 480, karibu kilo 385 za mafuta. Jumla inafika kilo 2,095. Kwenye karatasi imepita, ila nafasi iliyobaki ni kilo 155 tu, na mabegi hatujayapakia.

Karatasi hiyo bado haijahesabu hewa. Kwenye kimo cha Hanang uzito wa hewa ni kama asilimia 70 ya ule wa pwani, kwa hiyo mapanga yanashika hewa kidogo na injini nayo inavuta kidogo. Joto huongeza shida. Katesh inakaribia mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 28 mchana, helikopta pale chini hujiona iko kwenye mita 2,500 na zaidi, kabla hata haijaanza kupanda. Asubuhi ya saa moja, baridi ya Hanang inakurudishia sehemu kubwa ya nguvu hiyo bure.

Kosa kubwa linaweza kuzaliwa juu ya kreta ya mlima. Mtoto anataka picha, mzazi anamwomba rubani asimame kidogo hewani. Kusimama hewani mbali na ardhi ndiko kunakokula nguvu nyingi kuliko karibu hali nyingine yoyote ya urukaji. Rubani akianza kushuka wima kutoka hapo, helikopta inaweza kuzama ndani ya hewa inayosukumwa na mapanga yake yenyewe, na kuongeza nguvu kukazidi kuizamisha. Mwenye uzoefu hasimami. Huzunguka kwa duara pana kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa hivi, huvuka ukingo kwa mshazari ili aweze kugeuka kuelekea bondeni, na hukaa mbali na upande uliokingwa upepo, ambako hewa huporomoka kwa kasi.

Mawingu hayana msamaha. Tarehe 26 Desemba 2019, kwenye kisiwa cha volkano cha Kauai, Hawaii, helikopta ya utalii iligonga mlima na watu wote saba waliokuwamo walikufa. Wachunguzi wa Marekani walihitimisha kwamba rubani aliamua kuendelea na safari hali ya hewa ikiwa inaharibika. Kwa hiyo kampuni yoyote itakayofikiria Hanang iandike kwenye tiketi kwamba rubani akigeuza, fedha zinarudishwa. Abiria asiyeogopa kupoteza fedha hatamshinikiza rubani.

Mtu ataona nini juu kule? Uzuri, bila shaka. Ataona pia njia ya tope. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka, ikashuka na maji, mawe na miti hadi Katesh, Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Serikali ilieleza kuwa haukuwa mlipuko wa volkano: miamba laini ililowana, ikalemewa, ikaachia. Ukiwa barabarani unaona matokeo tu. Ukiwa angani unaona mfumo mzima, pale ulipomeguka mlima, korongo lililolibeba tope, na uwanda ambako lilitandazwa. Unaweza pia kuyaona makorongo mengine na kuuliza nyumba zipi zimejengwa kwenye midomo yake.

Mimi nautaka utalii huu Hanang, na ninautaka ufanywe kwa nidhamu ya Réunion. Lakini ombi langu kwa mwekezaji na kwa halmashauri ni kwamba safari za kwanza zisiuzwe. Wapandishwe viongozi wa vijiji vya chini ya mlima, wazee wa Kibarabaig na wa Kiiraqw wanaoyajua makorongo kwa majina, pamoja na mtaalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, wakiwa na ramani na kamera, saa moja asubuhi, kabla ya msimu wa mvua. Baada ya hapo watalii wakaribishwe.