Sifa za Mnakili

Kila Alhamisi baada ya isha, nyumba ikishatulia, mimi huketi mezani na kufungua mfuko wa kitambaa alioushona mama. Ndani mna diski ndogo nyeusi. Naichomeka kwenye kompyuta, nasubiri kitaa chake kiwake, kisha naanza kunakili: nasaba ya ukoo wetu ya vizazi saba, picha za hati za ndoa, kurasa za mwisho za msahafu ambako babu aliandika siku walizozaliwa wanawe, na saa kumi na nne za sauti ya shangazi akisimulia. Nusu saa haiishi, kazi imekwisha.

Anayekusanya habari za ukoo husifiwa. Akipata jina jipya, jamaa hupigiana simu. Akipata picha ya zamani, picha huzunguka mpaka Muscat. Anayenakili hasifiwi na mtu, kwa kuwa faida ya kazi yake huonekana siku ya msiba tu. Nami leo nataka kumsifu huyo.

Sisi watu wa pwani tuna deni kwa wanakili. Tarikhi ya masultani wa Kilwa imetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya Kireno: João de Barros aliieleza katika kitabu chake kilichochapishwa Lisbon mwaka 1552, miaka 47 baada ya Wareno kuuvamia na kuupora mji wa Kilwa. Ya pili ni ya Kiarabu, nakala iliyoandikwa Unguja mwaka 1877, ambayo sasa imehifadhiwa London. Masimulizi hayo hayalingani kila mahali kwa majina na miaka, lakini kutolingana huko kuna faida yake: moja likiteleza, jingine hulisahihisha. Kilwa yenyewe ni magofu. Habari za wenyewe zingalipo kwa sababu watu wawili wasiojuana walishika kalamu.

Habari za Pate zina funzo chungu zaidi. Inaelezwa kwamba kitabu cha asili cha Wanabahani, watawala wa Pate, kilipotea Witu mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji huo. Matoleo tuliyonayo leo yanarudi kwa sehemu kubwa kwa mtu mmoja wa ukoo huo, Bwana Kitini, aliyeyahifadhi kichwani na kuwasimulia waliomwendea. Karne kadhaa za ukoo wa kifalme zilibaki zikitegemea kumbukumbu ya mzee mmoja. Nikiliwaza hilo, usingizi huniruka.

Huniruka kwa kuwa lilinipata. Nilikuwa nimerekodi sauti ya bibi wa ukoo wetu akitaja wanawake waliotangulia: mama wa nani, dada wa nani, nani alinyonyesha mtoto wa nani. Nasaba zetu huandikwa fulani bin fulani bin fulani, na majina hayo ya kike hayakuandikwa popote. Sauti ile niliiweka kwenye flashi moja. Siku nilipoichomeka, kompyuta haikuiona. Nikaipeleka kwa mafundi wawili, wote wakanirudishia wakitikisa kichwa. Bibi alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki. Yalisalia majina mawili tu, niliyokuwa nimeyaandika kwa haraka nyuma ya bahasha.

Tangu hapo nimejifunza kunakili kama mtu anavyojifunza useremala, kwa kanuni na kwa mikono. Kanuni kuu ni ya tatu, mbili na moja, aliyoieneza mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: kila faili iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae nje ya nyumba. Hiyo ya mwisho ndiyo tunayoisahau. Mtu huweka diski ya akiba kwenye droo ileile ya meza yenye kompyuta, na mwizi au moto huchukua vyote kwa mara moja. Diski yangu ya pili iko kwa binamu, mtaa wa tatu. Tunabadilishana kila mwisho wa mwezi, naye hunitengea kahawa.

Kisha kuna majina ya faili. Hati ya ndoa ya babu nimeiita 1958-03_ndoa_babu-na-bibi_01. Mwaka hutangulia, mwezi hufuata, na faili zote hujipanga zenyewe kwa tarehe bila kuguswa. Atakayeifungua mimi nikiwa sipo atajua anachokitazama. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jina zuri la faili ndilo daftari lake.

Programu ya nasaba nayo siiamini peke yake, maana programu huja na kupita. Natoa kila mara faili ya GEDCOM, mfumo ulioanzishwa mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao programu nyingi za nasaba huuelewa. Ni maandishi matupu, mstari juu ya mstari. Hata programu nyepesi kabisa ya kuandikia huyafungua. Ila kwa kawaida faili hiyo hubeba maandishi tu, kama majina na tarehe, na picha huzitaja zilipo bila kuzibeba. Basi folda ya picha na ya sauti hunakiliwa kando. Hifadhi ya mtandaoni inasaidia, lakini ile inayojilinganisha na kompyuta yako haitoshi kuitwa akiba: ukifuta faili nyumbani kwa bahati mbaya, na huko hufutwa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa na diski. Hii yetu huoza kimya kimya, na nje inang'aa vilevile. Kwa hiyo mnakili hufungua alichokihifadhi. Wiki iliyopita nilichagua faili moja kwenye diski ya binamu bila kupanga, nikaisikiliza. Nikamsikia shangazi akikohoa, kijiko kikigonga kikombe, jogoo wa jirani akiwika katikati ya jina la baba wa babu. Shangazi akanyamaza, akamngoja jogoo amalize, akalirudia jina lile taratibu, herufi kwa herufi, ili nisikosee. Naye alikuwa ananakili.

Ndugu msomaji, kama una habari za wazee wako kwenye kompyuta ya nyumbani, usizifungie kama dhahabu ndani ya kasha. Zinakili leo usiku, kisha mpe jamaa yako nakala moja na umwonyeshe namna ya kuifungua. Yale majina mawili ya kwenye bahasha sasa yako kwenye kompyuta yangu, kwenye diski mbili, kwenye karatasi iliyochapwa, na kwa mpwa wangu anayeyajua kwa moyo. Mengine ya bibi hayapo tena.